Kodi ya miezi sita na mkeka wa timu 12: uchambuzi wa kisa cha bodaboda wa Moshi

Kijana ana miaka 26. Anaendesha bodaboda ya tajiri anayempelekea hesabu kila siku, kijiwe chake kiko karibu na stendi kuu ya Moshi, na amepanga chumba Pasua na mke na mtoto mmoja. Kila jioni anaweka mkeka wa Sh 2,000, yaani dau moja la kubashiri mechi nyingi za mpira kwa pamoja. Kila baada ya miezi sita mwenye nyumba anadai Sh 300,000 kwa mkupuo, na kila mara kodi inamkuta hana. Safari iliyopita aliziba kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Kijiweni wanamwita mzembe. Mke amechoka kuuliza. Yeye anasema ipo siku mkeka utatiki, timu zote zishinde.

Dereva huyu ni wa mfano, na viwango vyake tumevipanga ili hesabu ionekane. Lakini anayekaa na madereva wa Moshi au Arusha atakitambua kila kipande cha kisa hiki.

Tunachodai ni hiki: kwa huyu kijana mkeka ni njia ya kutafuta hela ya mkupuo, yaani unafanya kazi ambayo akiba ilipaswa kuifanya. Ni njia mbovu. Ila unashindana na kibubu ambacho hakijawahi kufika mwisho, na ubongo wake unauongezea sifa usizostahili. Anayemwambia "acha kubeti" bila kugusa mambo hayo mawili anapoteza muda wake na wa kijana.

Siku yake kwa shilingi

Siku ya kawaida anaingiza Sh 25,000. Petroli lita mbili, Sh 6,000. Hesabu ya tajiri, Sh 8,000. Oili, pancha na vitu vidogo vya pikipiki, Sh 1,000. Chai na chakula cha mchana, Sh 3,000. Zinabaki Sh 7,000: anapeleka 5,000 nyumbani, na 2,000 ndiyo "hela ya juu", hela isiyo na mwenyewe. Hiyo ndiyo inayoenda kwenye mkeka.

Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Sh 2,000 mara siku 26 mara miezi sita ni Sh 312,000. Kodi ni Sh 300,000. Hela ya kodi ipo, inapita mkononi mwake kila siku, na inabaki chenji ya Sh 12,000.

Sasa angalia hesabu ya tajiri. Haikosekani. Siku ya mvua atakula mihogo ya kuchemsha, atakopa mafuta, atarudi barabarani usiku, lakini elfu nane itafika. Mtu huyo huyo anayeonekana hana nidhamu anatoa Sh 208,000 kila mwezi bila kuruka. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye tabia yake kwa jumla. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2017, alionyesha kwamba watu huigawa hela kwenye mafungu kichwani na kila fungu huwekewa sheria zake, ingawa noti ni ile ile. Hela ya tajiri ina jina, ina mdai, na ina saa ya kudaiwa. Hela ya kodi haina jina lolote mpaka mwezi wa sita ufike, halafu inajitokeza yote kwa pamoja.

Utafiti wa Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra kwa waendesha baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, unalingana na hali hii. Waendeshaji wale walikaza zaidi siku waliyokuwa na hitaji la hela, na wakishalifikia walielekea kufunga kazi. Hitaji la leo linamsukuma mtu juu ya pikipiki. Hitaji la Juni halimsukumi mwezi wa Januari.

Kibubu alishajaribu, mara mbili. Cha kwanza kilivunjwa wiki ya tano mtoto alipopata homa. Cha pili kilivunjwa kwa sababu ya msiba wa ukoo. Mchango ulihitajika, na mke alijua kibubu kipo chini ya kitanda. Akaamua kuweka kwenye simu. Simuni hela ililala pochi moja na ile inayolipia mikeka, mbali na mkeka kwa kubonyeza mara chache tu.

Mkeka unalipa kiasi gani hasa

Odi ni mara ambazo dau linazidishwa ukishinda. Chukua mechi moja: mwenyeji odi 1.50, sare 4.00, mgeni 6.50. Gawanya 1 kwa kila odi: 66.7, 25.0 na 15.4 kwa mia. Jumlisha, unapata 107.1. Mechi ina matokeo ya mia tu. Ile saba ya juu ni ya kampuni. Ukiiondoa kwa uwiano, uwezekano halisi wa mwenyeji kushinda ni kama asilimia 62.3, si 66.7. Kila shilingi unayoweka hapo inarudisha wastani wa senti 93.

Mechi moja haitishi. Ubaya wa mkeka ni kwamba hiyo 0.93 inajizidisha yenyewe kila timu inapoongezwa. Timu nane za odi 1.50: odi ya jumla 25.6, uwezekano wa kutiki mara moja kati ya 44, na kila shilingi inarudisha senti 58. Timu 12: odi 129.7, mara moja kati ya 294, senti 44. Na kodi inayokatwa kwenye ushindi hatujaitoa hapo.

Mtu wa nje atauliza kwa nini basi asibaki na timu nane. Jibu liko kwenye kodi ya nyumba. Mkeka wa timu nane ukitiki unaleta Sh 51,000. Hizo zinaliwa wiki hiyo hiyo: gesi, viatu vya mtoto, deni la duka. Mkeka wa timu 12 unaleta Sh 259,000, karibu kodi nzima. Anachagua mkeka wenye hasara kubwa zaidi kwa sababu ndio pekee unaolingana na ukubwa wa shida yake.

Hapa ndipo wengi wanaomhukumu wanapokosea. Akiweka mkeka wa timu 12 kila siku ya kazi kwa miezi sita, yaani mara 156, uwezekano wa kutiki angalau mara moja ni karibu asilimia 41. Yaani nafasi nne katika kumi za kuipata karibu kodi yote. Kwa wastani atatupa Sh 174,000 kati ya zile 312,000, hasara mbaya kabisa. Lakini kibubu chake kimefika mwisho mara ngapi? Sifuri kati ya mbili. Kwa uzoefu wake mwenyewe, mkeka una nafasi kubwa kuliko akiba. Hesabu yake haiko sawa, lakini si ya kipumbavu.

Sylvan Herskowitz alilichunguza jambo hili Kampala kwa wanaume wanaobeti kwenye mpira, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Aliona kwamba hamu ya kubeti inafungamana na mahitaji ya hela ya mkupuo, na kwamba kuwapa watu sanduku la kuwekea akiba kulipunguza mahitaji yao ya mikeka. Kwetu sisi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Mkeka na akiba vinagombea elfu mbili moja.

Timu moja iliyochana

Kama ingekuwa hesabu tupu, kijana angechoka mapema. Kinachomrudisha ni mwili.

Kwenye mkeka wa timu 12, uwezekano wa kupata 11 na kuchaniwa na moja ni kama mara moja kati ya 40. Kuchaniwa na moja kunatokea mara saba zaidi ya kutiki. Katika miezi sita ategemee kuchaniwa na timu moja karibu mara nne, na timu mbili karibu mara 13. Ziunganishe, na karibu kila baada ya siku tisa anakuta mkeka "uliobaki kidogo". Kwa hesabu, mkeka wa 11 kati ya 12 ni sawa na wa sifuri kati ya 12: zote ni karatasi. Kwa ubongo si sawa.

Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge walipima ubongo wa watu wakicheza mchezo wa bahati kwenye kompyuta. Kukosa kidogo kuliwaudhi wachezaji kuliko kukosa kabisa, lakini kuliwaongezea hamu ya kucheza tena, hasa pale mchezaji alipochagua alama mwenyewe. Na sehemu za ndani ya ubongo zinazoamka mtu anaposhinda ziliamka pia kwa kukosa kidogo. Dereva wetu timu kazichagua mwenyewe, kwa kusoma msimamo na majeruhi. Iliyochana ni moja. Anachojifunza ni kwamba "nilikuwa karibu, ile timu ndiyo sitaiweka tena", kana kwamba ustadi wake umeongezeka. Haujaongezeka. Mechi 12 za kesho ni mpya.

Kuna na saa za kusubiri. Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Wolfram Schultz walionyesha mwaka 2003, kwa nyani, kwamba seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na tuzo, hupandisha mwendo wake wakati wa kungoja tuzo, na hupanda zaidi pale uwezekano unapokuwa nusu kwa nusu. Mnyama mwenye uhakika wa kupata hangoji kwa mwamko ule, wala asiye na tumaini. Sasa mfikirie kijana saa tano usiku, timu 11 zimetiki, imebaki moja yenye asilimia 62. Yuko karibu na kilele hicho. Dakika 90 hizo ndizo bidhaa anayonunua kwa Sh 2,000, hata akikosa, na hakuna kibubu kinachouza bidhaa hiyo.

Anayedhani tunaipa kemikali uzito usiostahili awatazame wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Baadhi ya dawa zinazoiga kazi ya dopamini ziliwafanya watu wazima waliokuwa hawajui kamari waanze kucheza hadi kufilisika, na dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa hamu ikaondoka. Imani yao haikubadilika, wala malezi yao.

Usingizi tuupe nafasi yake pia. Mechi nyingi za usiku za Ulaya, majira yao ya baridi, zinaanza saa tano usiku kwetu na kuisha karibu saa saba. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi abiria wa mabasi ya asubuhi. Amelala kwa muda wa saa nne tu. Vinod Venkatraman na wenzake, Singapore, mwaka 2007 waliona kwamba usiku mmoja bila kulala unaongeza mwitikio wa ubongo kwenye chaguo la hatari lenye faida kubwa, na kupunguza mwitikio kwenye hasara. Kwa hiyo usiku wa mpira unamwandaa vizuri kwa mkeka wa kesho yake. Unamwandaa vibaya kwa lori linalorudi nyuma barabarani, na hilo linatusumbua kuliko hela.

Wiki ya kodi mambo yanabadilika. Siku sita kabla ya tarehe, dau linapanda kutoka 2,000 hadi 10,000 na timu kutoka 12 hadi 16. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mtu aliye upande wa hasara hukubali hatari ambayo angeikataa akiwa salama; Thaler na Eric Johnson, mwaka 1990, wakaongeza kwamba kinachovuta zaidi ni dau lenye uwezo wa kumrudisha pale alipoanzia. Timu 16 za odi 1.50 zinatiki mara moja kati ya takriban 1,950. Sita kati ya mikeka hiyo ni Sh 60,000, ambazo zingelipa kodi ya mwezi mmoja na zaidi, na mwenye nyumba angeweza kukubali hiyo kama kianzio. Ikishindikana ndipo linakuja kausha damu: chukua 300,000, rudisha 390,000 baada ya mwezi. Elfu tisini za juu ni mikeka 45.

Kinachowekwa mahali pake

Njia tunayoipendekeza ni mchezo wa kupeana, ule unaoendeshwa na kijumbe anayekusanya na kugawa michango, lakini uliopangwa kwa vipimo vya kodi. Watu 12 wa kijiwe kimoja au vijiwe jirani. Kila mmoja Sh 2,000 kwa siku ya kazi. Kila siku 13 za kazi mtu mmoja anapokea: 2,000 mara 13 mara 12 ni Sh 312,000. Zamu 12 zinaisha kwa siku 156, miezi sita ile ile ya kodi. Anachotoa kwa siku hakizidi mkeka, na anachopokea kinauzidi mkeka wa timu 12 uliotiki.

Mchezo unafaa kuliko akaunti kwa sababu unaigiza hesabu ya tajiri. Kuna jina, kuna mdai, kuna saa. Dupas na Robinson waliwahi kuwafungulia akaunti za benki wafanyabiashara wadogo wa magharibi mwa Kenya. Wanawake wa sokoni walinufaika wazi, lakini kwa wanaume wa baiskeli za abiria hawakuona manufaa hayo. Tunashawishika kwamba dereva anahitaji mtu wa kumdai, zaidi ya mahali pa kuweka. Mchezo pia unampa neno la kumjibu ndugu: "Hiyo ni ya mchezo, si yangu."

Mambo yanayouvunja yanajulikana. La kwanza ni saa. Ikikusanywa jioni, inakutana na uchovu, njaa na ratiba ya mechi, na elfu mbili tayari ameshaiita yake. Kuitoa inauma kama hasara. Ikusanywe kabla ya saa sita mchana, kutoka abiria watatu wa kwanza, kabla haijaingia kwenye fungu la "hela ya juu". Tukilazimika kuchagua sheria moja tu ya kusimamia, tungechagua hii.

La pili ni mpangilio wa zamu. Kura ina raha yake, lakini inamletea mtu 312,000 mwezi wa pili wakati kodi yake ni ya mwezi wa tano, na hela hiyo haitafika mwezi wa tano. Zamu zifuate tarehe za kodi, na kijumbe amlipe mwenye nyumba moja kwa moja kwa simu, huku dereva akipokea ujumbe wa uthibitisho na zile 12,000 mkononi. Kunyimwa mkupuo mkononi kutamkera. Avumilie, kwa sababu laki tatu pochini saa mbili usiku siku ya mechi ni mtego.

La tatu ni aliyepokea mapema kisha akapotea. Mgeni apewe zamu za mwisho, na wanaopokea zamu nne za kwanza kila mmoja adhaminiwe na mwenzake ambaye zamu yake iko nyuma. Kijumbe asiwe mtu wa mikeka, na asilale na hela zaidi ya siku moja: jioni inaingia kwenye pochi ya kikundi inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja.

Halafu masika. Machi hadi Mei siku ya mvua inaweza kuleta Sh 12,000 tu, na hesabu ya tajiri haipungui. Kikundi kisipoandika mapema kitafanya nini, kitavunjika Aprili. Kanuni inayofaa: siku ya mvua kubwa mchango ni 1,000, na zamu inarefushwa mpaka 312,000 itimie. Ajali nayo iandikwe: aliyelazwa anasimamishiwa mchango, na zamu yake inasogea nyuma bila kufutwa.

Kuhusu mkeka wenyewe, kuukata siku moja kutoka 2,000 hadi sifuri kunawashinda wengi. Abaki na mkeka mmoja wa Sh 500 Jumamosi mchana, timu zisizozidi nne. Timu nne zinarudisha senti 76 kwa shilingi, na kwa kiasi hicho ni burudani ya bei nafuu. Pochi ya kubeti itengwe kwenye laini nyingine isiyokaa kwenye simu ya kazi. Mechi ya saa tano usiku asiiwekee chochote, ili alale.

Yote haya ni kwa mtu anayebeti kwa sababu anahitaji mkupuo. Lakini akipata mchezo unaolipa kodi yake na bado dau linapanda, hitaji hilo si maelezo tena. Vivyo hivyo akificha, akikopa ili abeti, akiuza simu au akigusa hesabu ya tajiri, hapo hitaji la kodi halielezi tena kinachoendelea. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unaiweka hali hiyo kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Aende kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya Mawenzi au KCMC, na mke asipewe kazi ya kumchunga peke yake. Ule mstari wa hesabu ya tajiri ndio tunaouangalia kwanza: dereva aliyeanza kuibeti amevuka.

Mzunguko wa kwanza uanze Julai, ili uishe kabla ya mwaka mpya. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, abiria wa Machame, Kibosho na Marangu hawaishi, na dereva anaweza kufikisha lengo la siku saa sita mchana. Wengi hufunga kazi hapo na mkeka unakuwa mrefu zaidi, ilhali saa moja ya Desemba inalipa kuliko saa tatu za Aprili. Kwa mwezi huo mchango uwe Sh 4,000: elfu mbili za mchezo, na elfu mbili za ziada anazotunza kijumbe kwa jina la kila mtu, ambazo zinafunguliwa wiki ya kwanza ya Januari kununua sare, madaftari na viatu vya shule.